Kadi za Mkono Zina Soko, Lakini Tupige Hesabu Kwanza

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vikundi vya wanawake na vijana waliohudhuria mafunzo ya kutengeneza kadi. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Nitaingia moja kwa moja katika shughuli iliyotuleta.

Mmezoea kuniona na kamera nikifuata habari za kaunti. Leo sikualikwa kwa kazi hiyo. Nimealikwa kwa sababu jioni, nyumbani, nachonga mihuri na kutengeneza kadi, na nimeharibu kadi nyingi. Kila nitakachowaambia nimekijua kwa kukikosea kwanza.

Wengi wetu tukisikia neno mhuri tunakumbuka ofisi, barua na foleni. Mimi nakumbuka kidole gumba cha bibi yangu. Nilipokuwa darasa la nane, wenzangu waliletewa kadi za heri kutoka dukani, zile ambazo ukizifungua zinapiga muziki. Bibi hakujua kusoma wala kuandika. Alimwomba jirani amkatie kipande cha manila na amwandikie maneno mawili, "Mungu akutangulie." Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino na kukipiga chini ya maneno yale. Kadi hiyo ninayo hadi leo, ndani ya faili moja na vyeti vyangu. Zile za muziki sijui ziliishia wapi.

Nawaeleza hili ili tuelewane tunauza nini. Mwaka 1843 kule London, Henry Cole alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia salamu za Krismasi na muda hakuwa nao. Alimwomba msanii John Callcott Horsley amchoree picha moja, zikachapishwa nakala zipatazo 1,000 na kupakwa rangi kwa mkono. Biashara ya kadi za Krismasi ilianzia hapo. Kadi ilikuja kumwokolea mtu muda. Leo kazi hiyo inafanywa na simu: salamu moja inatumwa kwa watu mia kwa kubonyeza mara moja. Kwa hivyo tusishindane na simu. Anayenunua kadi ya mkono anataka ijulikane kwamba kuna mtu aliyekaa chini akaitengeneza.

Mhuri kutoka kwa kandambili

Tuanze na vifaa. Mhuri wa mpira wa dukani ni mzuri lakini una bei, na michoro yake mara nyingi ni ya maua na theluji za watu wengine. Soli ya kandambili kuukuu inatosha kwa kuanzia. Ioshe, ikauke, kisha usugue upande mmoja kwa msasa hadi uwe laini. Kwa michoro midogo, raba ya shule ya kufutia penseli inachongeka vizuri zaidi.

Chora picha yako kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini. Ilaze kifudifudi juu ya mpira na uisugue kwa nyuma kwa kijiko. Picha itahamia kwenye mpira ikiwa imegeuka, na ukipiga mhuri itarudi sawa. Msiruke hatua hii. Mhuri wangu wa kwanza wa neno HONGERA niliuchonga moja kwa moja, herufi zikitazama nilivyozizoea. Nilikuwa nauandaa kwa mahafali ya binamu yangu. Nilipoupiga, H, O na A zilisimama vizuri kwa kuwa kushoto na kulia kwake ni sawa. N, G, E na R zote ziligeuka, na neno lenyewe likasomeka kinyumenyume. Jioni nzima ya kuchonga ilipotea.

Unapokata, laza wembe ili ukingo wa mchoro uwe mpana chini kuliko juu, kama mteremko. Ukikata kwa kuingia ndani chini ya mchoro, ukingo utalegea na kukatika baada ya kupiga mara chache. Gundisha mpira kwenye kipande cha mbao ili uwe na pa kushika. Na watoto wasiachiwe wembe.

Neno la tahadhari: msichonge nembo ya taifa, nembo ya kaunti, wala chochote kinachofanana na mhuri wa ofisi ya serikali. Kuiga mihuri hiyo kunaweza kuwa kosa la jinai.

Wino wa kuingia na wino wa kukaa juu

Wino wa mihuri uko wa aina nyingi, lakini kwa kadi kumbukeni miwili. Wa kwanza huzama ndani ya karatasi. Hukauka haraka, ila mwingi hutoka ukiloa na hupauka kwenye jua. Wa pili hukaa juu ya karatasi. Rangi yake hudumu, lakini huchelewa kukauka, na mwezi wa Mei hapa pwani, hewa ikiwa na unyevu, huchelewa zaidi. Ukiupanga juu ya mwingine mapema, kadi ya juu itachukua picha ya chini.

Msitegemee maandishi ya kwenye kasha peke yake. Piga mhuri kwenye kipande cha manila ile ile mtakayotumia, kiache hadi kesho, kisha kisugue kwa kidole kilicholowa. Wino ukitoka, usipake rangi ya maji juu yake. Tangulieni na rangi, ikauke kabisa, ndipo mpige mhuri.

Rangi ya mandhari si lazima inunuliwe. Chai ya rangi iliyokolea hutoa hudhurungi nzuri ya kizamani. Manjano ya jikoni yanang'aa, lakini jua huyafifisha upesi, kwa hivyo yasitumike kwa kadi itakayotundikwa dirishani.

Mhuri haukandamizwi kwenye wino. Gusa gusa hadi uso wote upate wino sawasawa. Weka gazeti lililokunjwa chini ya kadi, shusha mhuri wima, bonyeza bila kuuyumbisha, inua wima. Ukimaliza, ufute kwa kitambaa chenye unyevu na uuweke mbali na jua.

Pindo, mji na jina

Karatasi moja ya manila ya A4 hutoa kadi mbili. Ikate katikati, kisha kila kipande ukikunje mara moja, upate kadi ya milimita 105 kwa 148 inayoingia kwenye bahasha ya C6. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyoisha wino kando ya rula pale mkunjo utakapokaa. Mkunjo utanyooka bila kupasua manila.

Kuhusu mpangilio, sisi wa pwani tuna mwalimu nyumbani, nayo ni leso. Leso ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yake. Kadi nzuri inaweza kufuata njia hiyo. Mhuri mdogo unaorudiwa kando ndio pindo. Mhuri mkubwa, au kipande cha kitambaa, ndio mji. Maneno machache chini ndiyo jina. Lakini tubuni michoro yetu wenyewe. Tusinakili ya kiwanda kilichoichora.

Mafundi wa cherehani hutupa vipande vya vitambaa kila siku, waombeni. Ukindu wa mikeka, nyuzi za katani na majani yaliyokaushwa ndani ya kitabu kizito vyote vinafaa. Vibaki vyembamba, maana kadi nene haiingii kwenye bahasha. Gundi iwe kidogo, kisha kadi ilale chini ya vitabu usiku mzima ili isijikunje. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi, lakini huwaita mende.

Makombe na matumbawe tuyaache baharini. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu kuyaokota kumekatazwa, na mgeni akikutwa nayo njiani ataingia matatani kwa sababu ya kadi yako.

Na kadi zisifungwe kwa mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, pamoja na ile bapa. Zungusheni ukanda wa karatasi kwenye kadi na bahasha yake, mpige mhuri wa kikundi chenu juu ya ukanda huo.

Hesabu

Sasa tufike mahali ambapo vikundi vingi huvunjikia. Nitatoa mfano, nanyi mweke bei zenu.

Chukulia vifaa vya kadi moja, pamoja na bahasha, ni shilingi 32. Unaiuza 50 kwa sababu unaona haya kutaja zaidi. Inabaki 18. Ikiwa kadi moja inakuchukua dakika 40, kwa saa nane utatengeneza 12, na mkononi utabaki na shilingi 216 kwa kutwa nzima. Mama anayekaanga viazi hapo nje anawashinda, na jioni harudi nyumbani na mzigo usiouzwa.

Mhuri ndio unaobadilisha hesabu hii. Msitengeneze kadi moja hadi mwisho ndipo mwanze nyingine. Kateni zote, kunjeni zote, pigeni pindo zote, kisha mji, kisha gundi. Tuseme mtafika dakika 12 kwa kadi, na kwa kununua manila na bahasha kwa jumla vifaa vishuke hadi 26. Sasa kutwa ni kadi 40. Mkiuza kwa 120 na mwenye duka la watalii achukue 30, kila kadi inawaachia 64. Kadi 40 ni shilingi 2,560.

Naona nyuso zimechangamka. Ngojeni kidogo. Vifaa vya kadi 40 vimekula 1,040. Zikinunuliwa 10 tu, mmepokea 900. Mmefanya kazi siku nzima na mmepoteza shilingi 140. Kwa hivyo tengenezeni sampuli sita nzuri, mzungushe, mpokee oda na malipo kidogo ya kwanza, ndipo mkate manila. Harusi, mahafali, Idi na Krismasi zinajulikana mapema. Kadi za heri kwa watahiniwa nazo zina msimu wake. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini watoto bado wana mitihani ya gredi ya 6 na ya 9, na kidato cha nne wana KCSE. Ulizeni shule kwanza kama inaruhusu kadi kuingia, kwa sababu masharti ya wakati wa mitihani ni makali.

Kuhusu makaratasi, nitasema kwa ufupi. Kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti, na mtakaouza mahali maalum muulizie leseni katika ofisi ya kaunti ndogo yenu. Asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Lakini bila usajili mlango huo mtaupita tu barabarani.

La mwisho

Kuna jambo moja naomba msilibadilishe hata oda zikiwa nyingi. Ndani ya kadi acheni nafasi nyeupe. Msijaze mashairi yenu kila mahali. Mnunuzi naye ana la kusema, na akikosa pa kuandika, kadi inabaki kuwa yenu tu.

Bibi yangu alifariki kabla sijamaliza chuo. Sina barua yake hata moja, kwa kuwa hakuandika. Nina manila ile na alama ya kidole chake, mistari yote ikionekana. Kila mkikaa mezani na wino, kumbukeni kwamba huenda kadi mnayoiuza kwa shilingi 120 ikaja kuwa kitu pekee cha mkono wa mtu alichobaki nacho mwenzake. Basi msiiuze ikiwa imechafuka wino, na msiiuze kwa 50.

Meza ziko tayari, manila zimekatwa, na wembe nimezihesabu. Karibuni tuanze.