Mikono Safi, Ngozi Nzima



Anayekuja Kagera kuhubiri kunawa mikono amechelewa. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Ndoo za koki zikasogezwa milangoni, vibuyu chirizi vikafungwa, watu wakanawa. Walifanya vyema. Mimi nimekuja kusema lile ambalo mabango huliacha: mkono unaonawa sana unahitaji kutunzwa.

Tabaka la nje kabisa la ngozi, mgongoni mwa kiganja, ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ni seli zilizokwisha kufa, zimebanana, na katikati yake pana mafuta: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasikauke na vijidudu visipenye. Uso wa ngozi una uchachu kidogo, pH ya 5 hivi. Sabuni ya mche hufika 9 hadi 10. Nayo sabuni haichagui. Inayotoa mafuta kwenye sufuria ndiyo inayotoa mafuta ya ngozi. Mwili huyarudisha, lakini ngozi iliyoharibika sana huchukua siku kadhaa kupona, na mama aliyemenya ndizi asubuhi, akaosha vyombo, akafua kwa sabuni ya unga, akamwogesha mtoto, haipi ngozi yake hata saa mbili.

Ndipo mikono inapopauka, inawasha, inapasuka. Msiseme ni urembo tu. Nyufa hufuga bakteria, na mwenye mikono inayouma huanza kukwepa maji. Muuguzi akifikia hapo, sote tuko hatarini.

Jambo hili si geni. Majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890, mjini Baltimore, dawa ya zebaki ya kusafishia mikono ilimchubua muuguzi Caroline Hampton. Daktari William Halsted akamwagizia glavu za mpira kutoka kampuni ya Goodyear. Glavu hizo zilitengenezwa kwanza kuikinga ngozi na dawa, kumkinga mgonjwa na vijidudu kulifuata.

Tufanyeje basi? Maji yasiwe ya moto. Sabuni isuuzwe yote, hasa chini ya pete. Futa kwa kubonyeza, usisugue, kisha paka mafuta papo hapo ngozi ikiwa na unyevu: ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, kitakasa chenye gliserini huidhuru kidogo kuliko sabuni. Wengi hukilaumu kwa sababu kinachoma, kumbe kinachoma pale ngozi ilipokwisha kupasuka.

Kwa hiyo naziomba kamati za shule na zahanati: mnapopanga fedha ya sabuni, pangeni na ya mafuta. Nunueni chupa za kubonyeza, wala si kopo moja la kuchovya vidole vya wote, maana kopo hilo litarudisha vijidudu vile vile mlivyotoka kuvinawa.