Gia Ikigoma, Weka Nyundo Chini

Msikilizaji, wiki iliyopita nilipeleka shafti ya kinu cha unga wa muhogo kwenye karakana moja hapa Arua ili ikerezwe. Nikakuta mashine ya kukereza imegoma. Mkono wa gia haukubali kuingia gia ya chini, mwenye karakana yuko kwenye simu anaulizia Kampala bei ya giaboksi nzima, na kijana wa zamu keshashika nyundo.

"Weka chini, mwanangu," akasema fundi mzee. "Chuma hakitishwi." Akazima umeme ukutani.

Kwanza alizungusha shafti kuu kwa mkono huku akisukuma mkono wa gia polepole. Meno yakikutana ncha kwa ncha hayaingii hata yasukumwe na jitu. Ukizungusha kidogo, yanapata mwanya. Safari hii hayakuupata. Akafungua kifuniko, akauchomoa ule uma unaosukuma gia. Mkono ukawa mwepesi. Basi mkono hauna kosa, wala uma haujapinda. Kilichokwama ni gia yenyewe juu ya shafti yake.

Akamwaga oili kwenye karai. Laiti ungeiona! Nzito kama simsimu iliyosagwa, maana kuna mtu alikuwa ameishindilia grisi ili kuzuia uvujaji. Sumaku iliyofungwa kitambaa ikatoka na manyoya ya chuma. Kisha mzee akapitisha kidole kwenye mifereji ya shafti, kikakwaruzika mahali. Pale ukingo ulikuwa umefura, kinundu kidogo kuliko punje ya mtama. Hicho ndicho kilichoizuia gia isiteleze.

Kinundu hicho hakikuota chenyewe. Ni alama ya mtu anayebadilisha gia mashine ikiwa bado inazunguka. Na hapa mimi siwalaumu vijana sana. Sisi wa mkoa wa West Nile tumelelewa na umeme wa kubahatisha: jenereta za dizeli, halafu bwawa la Nyagak kuanzia 2012, megawati 3.5 kwa mkoa mzima. Umeme ukirudi, kila mtu mbio, kabla haujaondoka tena. Sasa gridi ya taifa imetufikia, lakini mikono bado ina haraka ileile ya zamani. Wa kulaumiwa ni tajiri anayenunua mashine ya mamilioni kisha anaibania lita chache za oili safi.

Dawa ilikuwa jiwe la kunolea na mafuta ya taa. Mzee alitandika vitambaa ndani ya boksi ili unga wa chuma usidondokee kwenye beringi, akasugua taratibu mpaka gia ikateleza kwa kidole kimoja. Akaosha, akarudisha uma, akajaza oili mpya hadi kwenye alama ya kioo. Hakuna kipuri kilichosafirishwa karibu kilomita 500 kutoka Kampala.

Mwenye karakana wa Arua, na wewe wa Koboko unayekereza bushi za malori ya Juba: jioni ya leo, mashine ikishapoa, mwaga oili kidogo kwenye karai uimulike kwa tochi. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Iking'aa kwa unga wa njano, kuna bushi ya shaba inayolika. Ukiona lolote kati ya hayo, usiiwashe mashine kesho kabla hujaifungua.