Mwenye njaa hana miiko, hata tumboni

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya wapangaji ambao kila mmoja wetu anao, ingawa hatujapata kuwaona kwa macho. Nao ni bakteria wa utumbo mpana.

Tukisikia neno bakteria, mawazo hukimbilia kuhara na kipindupindu. Wa namna hiyo wapo, lakini wengi wanaoishi tumboni ni majirani wema. Wanakula mabaki tuliyoshindwa kuyasaga, maana mwili wa binadamu una vimeng'enya vichache mno vya kukata minyororo ya sukari. Bakteria mmoja tu, aitwaye Bacteroides thetaiotaomicron, ambaye orodha ya jeni zake ilichapishwa mwaka 2003, anavyo zaidi ya 200.

Sasa tuutazame ukuta wa utumbo wenyewe. Umepakwa ute mzito unaouzuia uchafu usiguse nyama. Ute huo ni protini iliyobandikwa sukari kila upande, mfano wa brashi ya kuoshea chupa: waya wa katikati ni protini, nywele zake ni minyororo ya sukari. Kwa uzito, sukari ni nyingi kuliko protini. Ndizo zinazoukinga waya usikatwe, na ndizo zinazoshika maji ute ukateleza.

Bakteria wetu anajua kuzila nywele hizo. Huanzia nchani, akang'oa sukari moja, kisha ya pili. Kila kiungo kina kimeng'enya chake, kama kila kufuli na ufunguo wake. Nywele zikiisha, waya hubaki uchi, nao huweza kukatwa. Ulaji huo ukiwa wa kiasi hauna ubaya, kwani mwili hutengeneza ute mpya kila siku. Yuko hata Akkermansia muciniphila, ambaye ute ndio chakula chake hasa, na tunaishi naye kwa amani.

Hatari huja pale wapangaji wanapokosa chakula kingine. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Luxembourg walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, wakawapandikizia aina 14 za bakteria wa binadamu. Panya walionyimwa nyuzinyuzi za mimea, ute wao ulipungua unene, maana bakteria waliugeukia. Walipopewa vijidudu vya ugonjwa, waliumwa zaidi kuliko wenzao waliokula nyuzinyuzi. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko.

Panya si mtu, nami sidai kwamba yaliyompata yatatupata sisi vilevile. Lakini onyo lenyewe si geni kwetu. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960, aliona kwamba baadhi ya magonjwa ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake wa Uganda. Katika miaka ya 1970 alihubiri kwamba tofauti ilikuwa kwenye sahani: huku watu walikula vyakula visivyokobolewa.

Nasi leo tunafanya nini? Tunapeleka mahindi mashineni, tunakoboa hadi yawe meupe kama chokaa, tunakula sembe, pumba tunawapa kuku. Dona tunaliita chakula cha wanafunzi wa bweni. Maharage, kunde na mchicha tunaviita mboga za maskini, na mgeni akija tunaona haya kumwandalia.

Mimi si daktari, na wala sisemi sembe ni sumu. Ninachosema ni kwamba anayepika chakula nyumbani kwake hapikii watu wa mezani peke yao. Kuna wengine wanaongoja chini, nao wakikosa fungu lao, watautafuna ukuta wa nyumba tunayoishi sote.

Kwaherini hadi wiki ijayo.