Siku ya Tatu Mpe Jembe

 

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, aya ya 19 hadi ya 30, kisha sura ya 13, aya tatu za kwanza. Wenye Biblia karibu, fungueni. Wasio nayo, sikilizeni, nami nitawasimulia.

Lakini kwanza nataka tulikumbuke neno la wahenga: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu hulitumia kwa mzaha, tena kwa kumsimanga mgeni aliyezidi kukaa. Hebu lifikirini vizuri. Mgeni hupewa kiti kizuri, huandaliwa chai, wala hapana anayemwuliza habari za shamba. Siku anayopewa jembe ndiyo siku anayohesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Kumnyima jembe mwaka baada ya mwaka ni kumwambia, "Wewe ungali mgeni."

Nasema kwa huzuni kwamba katika makanisa yetu mengi siku ya tatu haifiki. Tazameni kipaimara. Vijana hufundishwa kwa miezi. Askofu huja, huwawekea mikono, nyimbo huimbwa, kuku huchinjwa, wazazi hufurahi. Jumapili ya pili yake twawatafuta vijana wale vitini, hatuwaoni. Twasema, "Vijana wa siku hizi wameipenda dunia." Je, tuliwahi kuwaambia kazi yao ni ipi? Tuliwapokea vizuri sana, kisha hatukuwapa jembe.

Katika Antiokia haikuwa hivyo. Kanisa lile lilianzishwa na wakimbizi. Baada ya Stefano kuuawa waamini walitawanyika, na baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walifika Antiokia wakawahubiri Wayunani habari za Bwana Yesu. Luka hatuambii hata majina yao. Kanisa la Yerusalemu likamtuma Barnaba aende akaone. Alipoiona neema ya Mungu alifurahi, lakini furaha haikumtosha. Alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli.

Kumbukeni Sauli alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa amelitesa kanisa. Alipokwenda Yerusalemu baada ya kuamini, wanafunzi walimwogopa, wala hawakusadiki kwamba amekuwa mwenzao. Ni Barnaba aliyemchukua akampeleka kwa mitume. Sasa Barnaba huyo huyo amwendea mara ya pili, amleta Antiokia, na kwa muda wa mwaka mzima wawili hao wawafundisha watu wengi. Mwaka mzima, wapendwa, si mkutano wa siku moja. Tena ni pale Antiokia ambapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja habari ya njaa. Kila mtu akatoa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Angalieni utaratibu wa Mungu. Sauli alipokewa. Akapewa kazi ya kufundisha, akiwa na mwenzake kando yake. Akakabidhiwa sadaka ya maskini aifikishe salama. Mtu aliyeaminiwa na fedha za wenye njaa ndiye baadaye aliyeaminiwa na Injili ya mataifa.

Ndipo tunafika sura ya 13. Viongozi watano wanatajwa: Barnaba, mtu wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, katika Afrika ya Kaskazini, Manaeni, aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Watu wa asili mbalimbali, mmoja wa nyumba ya kifalme na mwingine aliyekuwa adui wa kanisa, wanafunga na kuomba pamoja. Huo ndio ushirika. Kisha Roho Mtakatifu akasema, akawataka Barnaba na Sauli. Hakuwataka wale ambao kanisa lingeweza kukaa bila wao. Aliwataka waalimu wake walio bora. Nalo kanisa halikubishana. Walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya zamani za mitume." La, sisi wa Kenya tunayo mfano wake katika historia yetu wenyewe. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianza kituo cha Rabai. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kisha wakaja watu ambao hapana aliyewatazamia. Walikuwa Waafrika waliotekwa utumwani wangali watoto, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakapelekwa Bara Hindi. Huko Sharanpur, karibu na Nasik, walifundishwa Neno la Mungu, kusoma na kuandika, na kazi za mikono. Mwaka 1864 baadhi yao waliletwa Rabai, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Na mwaka 1875 chama cha CMS kilianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watumwa waliowekwa huru. Kengele yao ipo hata leo, na mahali pale paitwa Kengeleni.

Watu hawa hawakuwa na ukoo pale pwani, wala shamba la baba. Wengine hata lugha ya mama yao walikuwa wameisahau. Ingalikuwa rahisi kuwahurumia tu na kuwalisha. Lakini walipewa jembe: wakawa waalimu, wahubiri, mafundi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwaweka Jones na Semler kuwa mashemasi.

Mwaka ule ule Askofu alifunga safari kwenda Uganda, na Jones akafuatana naye. Walipofika kwa Sundu, mahali tupaitapo sasa Mumias, Askofu alimwacha Jones pale na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu wapatao 50. Mwezi wa Oktoba aliuawa huko Busoga, na wengi wa watu wake pamoja naye. Fikirini hali ya Jones, shemasi wa miezi michache. Askofu wake amekufa, bahari iko mbali, na watu wote wale wanamtazama yeye. Aliwaongoza kwa miguu mpaka Rabai, wakafika mapema mwaka 1886.

Wala hakukoma hapo. Rabai iliyokuwa mikononi mwake ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Mwaka 1889 watoro wapatao 1,400 katika vituo vya misheni vya pwani, Rabai kikiwa na wengi, walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Mtumwa aliyepokewa akawa mpokeaji wa watumwa. Na pale pale Frere Town ndipo ilipoanzia shule ya kuwafundisha wachungaji, mwaka 1903, iliyohamia Limuru mwaka 1930 na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Makasisi wengi wanaohubiri katika nchi hii ni wajukuu wa jembe lile.

Sasa turudi kwetu. Ndugu mzee wa kanisa, dada wa Umoja wa Kina Mama, mwalimu wa shule ya Jumapili, nawaulizeni: ni nani katika kanisa lenu ambaye amekaa siku mbili za mgeni kwa miaka kumi? Labda ni kijana aliyetoka nyumbani kuja mjini kutafuta kazi, akaaye kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Labda ni mjane ambaye humpelekea unga kila mwezi, lakini hujamwomba hata siku moja akuombee. Labda ni fundi wa magari anayeona haya kwa sababu ya mafuta mikononi mwake.

Mtafute, kama Barnaba alivyomtafuta Sauli. Lijue jina lake na mahali anapolala. Mfundishe, bila haraka. Kisha mpe kazi ndogo iliyo ya kweli, na mtu wa kwenda naye: kumtembelea mgonjwa, kuhesabu sadaka, kusoma somo la Jumapili, kumfundisha mtoto asiyejua kusoma. Usimpe kazi ya kuchezea, ambayo hata asipoifanya hapana atakayejua. Jembe butu ni dharau.

Najua hofu yenu. Mtasema, "Hajakomaa, ataharibu." Lakini hapana ajifunzaye kulima kwa kutazama wenzake wakilima. Mwingine atasema, "Tukimfundisha vizuri, askofu atamhamisha, au ataitwa kwenda mbali." Ni kweli, huenda akaitwa. Antiokia walimpoteza Sauli, na kwa kumpoteza huko Injili ikafika kwa mataifa, ikatufikia na sisi. Kanisa linalowaficha watu wake bora huanza kufa likiwa limejaa watu.

Na wewe unayesikiliza peke yako, unayejiona huna nafasi katika nyumba ya Mungu, usingoje mpaka wakukumbuke. Mwendee kasisi wako, au mzee wa kanisa, umwambie, "Nimekaa mgeni vya kutosha. Nionyesheni shamba." Kristo mwenyewe alikuja si kutumikiwa bali kutumika, naye hawaiti watu wakae tu barazani kwake.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyemtafuta Sauli, ukawatumia waliokuwa watumwa kulijenga kanisa lako katika nchi yetu: twasamehe kwa kuwa tumewapokea wengi na kuwaacha wageni. Utupe macho ya kuwaona, uvumilivu wa kuwafundisha, na moyo wa kuwaachilia unapowaita. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.