Mpigaji Asiyejisikia

Somo letu asubuhi hii ni Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 5, mstari wa 12 na 13. Makuhani 120 walipiga tarumbeta pamoja na waimbaji, nao wakasikika kama mtu mmoja.

Tulipotembelea kanisa moja karibu na Kilifi, tulikuta vijana wakifanya mazoezi ya tarumbeta katika chumba cha mawe ya matumbawe na paa la mabati. Ninyi mnaokaa chini ya makuti mnajua tofauti: makuti humeza sauti, bali mabati huirudisha yote kichwani. Ngoma kubwa ilikuwa katikati. Kijana mmoja alikuwa amepuliza hata mdomo ukavimba. Akatuambia, "Mchungaji, mimi naacha. Nikipiga sijisikii, basi nazidisha nguvu." Na wenzake, kwa kutojisikia, walizidisha vile vile. (Tumeketi katika vikao vya kanisa vya namna hiyo.)

Mwalimu wao, mzee mpole, hakumkemea. Aliazima mikeka, akaitundika kwenye kuta tatu. Ngoma akaipeleka mlangoni. Kisha akamsimamisha kijana hatua moja tu mbele ya ukuta uliobaki wazi. Kwa maana kinywa cha tarumbeta hutazama mbele, sauti humkimbia mwenye kupuliza, na ukuta ndio umrudishie. Akawaagiza wote wapige polepole, kama wanaobembeleza mtoto.

Ndipo kijana akajisikia, akatahayari. Sauti yake ilikuwa juu ya wenzake! Nguvu zile ndizo zilizoipandisha, na kelele ikamficha asijue. Alivuta nje kidogo ule mrija wa kusawazishia sauti, akajaribu tena, na tena.

Sisi nasi hukiogopa chumba kimya kwa sababu iyo hiyo. Juma zima ni mikutano, harambee na redio (hii msiizime kwanza), hata hatujui tunamwambia Mungu nini. Elia pale Horebu, baada ya upepo, tetemeko na moto, aliulizwa tena swali lile lile: anafanya nini hapo?

Tuombe. Ee Bwana, umkumbuke leo yule anayetaka kuacha kwa kuwa hajisikii. Mpatie mzee wa kumsogeza karibu na ukuta. Amina.