Mboga za Kando ya Nyumba na Macho ya Watoto

Katika nyumba nyingi ugonjwa huu huanza wakati wa magharibi. Mchana mtoto hucheza na wenzake kama kawaida, lakini jua likiisha kutua hukaa mahali pamoja asitake kuondoka. Akitumwa kuleta kikombe hujikwaa kwenye kigoda, au hupapasa ukuta kwa mikono. Wengine humwita mvivu, na wengine hunong’ona kwamba amerogwa. Kumbe mtoto haoni. Ndani ya jicho kuna kitu kinachopokea mwanga hafifu, na mwili hauwezi kukitengeneza pasipo vitamini A. Vitamini hiyo ikipungua, giza humfunika mtoto huyo kabla ya wenzake.

Lau dalili ingekuwa hiyo tu, hatari isingekuwa kubwa. Lakini upungufu ukiendelea, weupe wa jicho hukauka na kuota mabaka kama povu la sabuni. Kisha kioo cha mbele cha jicho huweza kulainika na kutoboka kwa muda wa siku chache tu, na jicho lililotoboka nuru yake hairudi. Surua huyaharakisha hayo yote, kwa kuwa humaliza upesi akiba ndogo iliyomo mwilini. Ndiyo sababu mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitalini. Tena hasara si ya macho peke yake. Vitamini A hulinda utando wa ndani wa mapafu na matumbo usiingiwe na maradhi. Huko Aceh, nchini Indonesia, watoto wa vijiji fulani walipewa vidonge vya vitamini A na wa vijiji vingine hawakupewa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1986 ilionekana kwamba katika vijiji vilivyopewa, vifo vya watoto vilikuwa vimepungua kwa thuluthi moja hivi.

Jambo la kushangaza ni kwamba ugonjwa huu huonekana hata mahali ambapo majani mabichi yameota mpaka mlangoni. Sababu moja ni ugali wenyewe. Mahindi meupe hushibisha na kutia nguvu, lakini hayana vitamini A ya kumfaa mtoto. Mahindi ya manjano yanayo kidogo, kwa maana rangi ile ya manjano ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini. Lakini watu wengi wa Kenya huyadharau, hasa tangu yalipoletwa kutoka ng’ambo wakati wa ukame wa mwaka 1984 na kuitwa chakula cha njaa. Kwa hiyo mtoto anayeachishwa ziwa na kupewa uji mweupe asubuhi, na ugali mweupe kwa mchuzi mtupu jioni, hushiba tumbo na kukosa macho.

Wazee wa zamani hawakulijua jina la vitamini, lakini hawakula hivyo. Mwaka 1931 daktari wa serikali, J. L. Gilks, na mtaalamu wa chakula kutoka Uskoti, John Boyd Orr, walitoa kitabu juu ya afya ya Wamasai na Wakikuyu. Waliona kwamba wanaume wa Kimasai, waliokula maziwa, nyama na damu, waliwapita wanaume wa Kikuyu kwa kimo inchi 5 na kwa uzito ratili 23. Bila shaka sababu si chakula pekee, maana kila ukoo una umbo lake. Lakini liko jambo moja la kutazamwa zaidi: tofauti baina ya wanawake wa makabila hayo mawili ilikuwa ndogo kuliko ile ya wanaume, na wanawake wa Kikuyu walikuwa na desturi ya kula majani mabichi ambayo waume zao hawakuyala. Chakula kilichodharauliwa na wanaume kuwa ni cha wanawake ndicho kilichokuwa na faida.

Majani hayo yangaliko: mchicha, mnavu, kunde, mgagani, majani ya maboga, na sukumawiki iliyokuja baadaye. Yanayo rangi ileile ya manjano, ijapokuwa imefichwa na ukijani. Hata hivyo haifai kumdanganya mama kwamba kuyachuma kunatosha. Mwili wa mtoto hugeuza sehemu ndogo tu ya rangi ya majani kuwa vitamini, tena haiipokei vema pasipo mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hupita tumboni na kuacha faida haba. Wapishi wa pwani wanaotia tui la nazi katika mchicha, na wa magharibi ya Kenya wanaolaza mgagani katika maziwa, walikuwa wamepata njia iliyo sawa; na penye karanga, karanga zilizopondwa hufanya kazi hiyohiyo.

Vitamini C ina tabia nyingine. Hii huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto mrefu. Mboga iliyokatwa kwanza ndipo ikaoshwa, ikachemshwa saa nzima na maji yake kumwagwa, imemwagwa pamoja na vitamini yake. Magadi yanayotiwa ili majani yalainike upesi huiharibu zaidi. Yafaa kuosha kwanza, kukata baadaye, na kupika kwa muda mfupi katika maji machache. Vitamini hiyo pia humsaidia mtu kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani, yanayoongeza damu. Kinyume chake chai, ikinywewa pamoja na chakula, huyazuia. Bwana anayemaliza maharagwe yake kwa kikombe cha chai angefanya vizuri kungoja saa moja, na kula pera badala yake. Pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu kuliko chungwa la uzito uleule, na watoto huliokota bure.

Siku hizi husikika sana habari za antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu unaotokea ndani ya mwili unapotumia hewa ya oksijeni. Vitamini C ni mojawapo, na rangi ya karoti na majani pia. Wauzaji wa vidonge wamelipenda sana neno hilo. Lakini huko Finland wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 walifanyiwa majaribio, na baadhi yao walipewa vidonge vya rangi hiyo ya karoti kwa miaka kadhaa. Majibu yalipotolewa mwaka 1994, walioimeza walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao, kwa kadiri ya 18 katika kila 100. Rangi iliyomo katika boga au embe haikupata kuonekana na madhara hayo.

Vidonge vya vitamini A wanavyopewa watoto kliniki ni jambo lingine, wala havipaswi kuogopwa. Hutolewa kwa kipimo, kila miezi sita, tangu mtoto akiwa na umri wa miezi 6 hadi karibu miaka 5. Mama mjamzito asivimeze kwa kujitakia, maana kipimo kikubwa huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mtoto akimeza dawa hiyo, ini lake huweka akiba, na akiba hiyo hutumika kwa muda wa miezi minne hadi sita. Katika miezi hiyo papai bivu, embe, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa huiongeza kidogo kidogo kila siku. Kiazi kimoja cha namna hiyo, cha ukubwa wa kiasi, humtosha mtoto mdogo kwa vitamini A ya siku nzima, kikila pamoja na mafuta kidogo.