Taa ya Kijani

Leo nakuomba tukae kidogo na fundi mmoja hapa Mandera anayefufua Land Rover kuukuu, ya zile zilizotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960. Bodi amekwisha kuinyosha na kuipaka rangi. Sasa amefika kwenye dashibodi, na hapo ndipo penye kazi. Maandishi yamefutika, nyaya zimepauka, na mbele yake mna taa ndogo zisizosema majina yao.

Dereva kijana akiziona husema nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Kwa gari hili amekosea. Katika Land Rover za miaka ile taa ya oili ni ya kijani. Ikiwaka huku injini inanguruma, maana yake presha ya oili imeshuka, na vyuma vinasagana vikavu. Mtu aweza kuondoka Mandera kwenda Elwak, ile kijani inamwangaza usoni, naye anashukuru safari ni njema, hata injini inoki porini, mbali na kisima. Nyekundu ni ya chaji. Wengi huidharau, kwa kuwa gari laweza kwenda mwendo mrefu kwa betri tu. Lakini mkanda unaozungusha dainamo ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, utaona nyekundu kwanza, kisha mvuke. Na kwa joto la huku mvuke haukawii.

Basi fundi haiamini rangi. Hufungua ufunguo bila kuwasha injini, akachomoa waya kwenye swichi ya oili ubavuni mwa injini, akaugusisha kwenye chuma. Taa itakayowaka hapo ndiyo ya oili. Akisharudisha waya, ya oili na ya chaji zapasa kuwaka zote mbili kabla ya injini, na kuzimika injini ikishaanguruma. Ile isiyowaka kabisa ndiyo inayomtia wasiwasi. Huenda balbu imeungua, huenda waya umekatika; na mara nyingine dereva wa zamani aliichomoa kwa mkono wake, kwa sababu ilimkera.

Huyo dereva wa mwisho ndiye nimtakaye leo. Wengi wetu tulio Mandera tumeletwa na kazi: walimu, askari, wauguzi, makarani. Nyumba zetu ziko Kitui, Bungoma, Taita. Mwezi wa kwanza mtu asipotuma kitu nyumbani, moyo humchoma. Mkewe akipiga simu naye asipokee, humchoma tena. Baadaye haumchomi. Hulala vizuri, huimba kanisani, na husema Mungu amempa amani. Ndugu yangu, ni balbu imechomolewa.

Mtume Paulo alimwandikia Timotheo habari za watu ambao dhamiri zao zimechomwa kwa chuma cha moto. Majirani zetu wafugaji twawaona wakitia ngamia alama ya ukoo. Pale palipopigwa chuma, manyoya hayaoti tena. Daudi naye alifika hapo. Uria alikwisha kuzikwa, mtoto alikwisha kuzaliwa, na mfalme alikuwa bado akiamua kesi za watu kwa haki, kama kwamba hana lake. Nathani hakumpigia kelele. Alimsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja, na waya ukagusa chuma.

Labda wewe unisikilizaye umekaa muda mrefu bila kuchomwa na lolote, na mkeo amekwisha kuacha kupiga. Usingoje moyo uanze kuuma ndipo utende. Jioni hii mpigie wewe. Waulize watoto mmoja mmoja kwa jina. Na mama yao akikujibu kwa ukali, usikate simu.